Radi Iliyomeza Sentensi: Kisa cha Frankenstein ya 1931

Usiku wa dhoruba, ndani ya mnara wa mawe, mwili ulioungwaungwa kutokana na vipande vya maiti umeshushwa kutoka juu ya paa, ambako umeme wa radi ulipitishwa ndani yake. Mkono mmoja unaning'inia pembeni. Vidole vinaanza kucheza. Henry Frankenstein, anayeigizwa na Colin Clive, anapiga kelele kwamba kiko hai, kiko hai, na kila anaporudia sauti inazidi kupasuka. Rafiki yake Victor anamshika na kumsihi kwa jina la Mungu. Henry anamjibu. Tunamwona kabisa akimjibu: uso umewaka, midomo inatamka maneno. Lakini kinachotufikia masikioni ni ngurumo ya radi, kisha tukio linakwisha.

Hivyo ndivyo watu wengi walivyoiona Frankenstein, filamu ya kampuni ya Universal ya mwaka 1931, kwa karibu miaka hamsini. Mtazamaji mwenye sikio makini anayekutana na kopi ya namna hiyo hubaki na maswali. Je, mkanda ulichakaa? Au mafundi wa enzi hizo walishindwa kuinasa sauti? Au kuna mtu aliyeuziba mdomo huo makusudi? Nimekichagua kisa hiki kwa sababu jibu lake linajulikana na ushahidi wake upo. Isitoshe, karibu kila aina ya ukimya unaowatia shaka wapenzi wa filamu kongwe za Hollywood imo ndani ya filamu hii moja.

Sentensi iliyozibwa ni fupi. Victor anapotaja jina la Mungu, Henry analidaka na kusema: "Kwa jina la Mungu! Sasa ndiyo najua Mungu anavyojisikia!" Ni sekunde chache tu. Ndizo zilizopigwa radi.

Filamu ilipotoka Novemba 1931, sentensi hiyo ilikuwemo. Mwongozaji James Whale, Mwingereza aliyetokea kwenye tamthilia za jukwaani, aliirekodi na Universal wakaipeleka kwenye majumba ya sinema. Kanuni ya maadili ya Hollywood ilikuwa imeshapitishwa tangu Machi 1930, na ilikataza wazi kulitaja jina la Mungu bila heshima. Ila kwa miaka ile ya mwanzo haikuwa na meno. Studio zilizungumza na ofisi ya Will Hays, mkuu wa chama cha studio zenyewe, zikaahidi hili na lile, kisha zikaendelea na mambo yao.

Wenye mkasi wa kweli wakati huo walikuwa bodi za majimbo. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba filamu ni biashara tu, haina kinga ya uhuru wa kusema kama gazeti, na uamuzi huo ulidumu hadi 1952. Kwa hiyo jimbo lilikuwa na uwezo wa kukata linavyotaka. Kansas ilitaka matukio 32 yaondolewe kwenye Frankenstein, kiasi ambacho kingeimaliza karibu nusu ya filamu yenye dakika zipatazo 70. Massachusetts, Pennsylvania na New York nazo zilikata za kwao. Hili ni jambo la kukumbuka mtu anapolinganisha kopi mbili za filamu ya miaka hiyo na kukuta hazifanani: zamani hizo hapakuwa na "filamu" moja. Kulikuwa na filamu ya Kansas, ya New York, ya London, kila moja ikiwa na matundu yake.

Mambo yalibadilika mwaka 1934. Ofisi mpya ya kusimamia kanuni ilianzishwa chini ya Joseph Breen, na kuanzia hapo filamu bila cheti chake haikupita kwenye majumba yaliyomilikiwa na studio kubwa, na studio iliyokaidi ilitishwa kwa faini ya dola 25,000. Kanuni ile ile ya 1930, sasa ikiwa na mlinzi mlangoni. Na mlango huo ulizihusu hata filamu za zamani: studio iliyotaka kuirudisha sinema yake ya 1931 ilibidi iombe cheti kama kwa filamu mpya.

Universal walikuwa na sababu nzuri ya kuomba. Mwaka 1938 jumba moja la Los Angeles liliziweka Frankenstein na Dracula, sinema nyingine ya kutisha ya Universal, kwenye tiketi moja, watu wakafurika, na studio ikaona pesa. Zikarudishwa nchi nzima, na mafanikio hayo ndiyo yaliyozaa filamu ya tatu ya Frankenstein mwanzoni mwa 1939. Lakini kabla ya kurudi, Frankenstein ilipita mikononi mwa ofisi ya Breen. Msaidizi Fritz akimtesa kiumbe kwa mwenge, tukio hilo likafupishwa. Sindano inayoingia mwilini, iliyoonyeshwa kwa karibu, ikatolewa. Mtoto Maria akitupwa ziwani, ikatolewa. Na sentensi ya Henry ikafunikwa. Kubwa zaidi, marekebisho yalifanywa kwenye filamu mama yenyewe. Kopi zote zilizozaliwa kutoka humo zilizaliwa zikiwa na jeraha, na ndizo zilizoingia kwenye televisheni mwaka 1957, pale filamu 52 za Universal zilipouzwa kwa vituo vya Marekani kama fungu moja. Vizazi viwili vilikua vikiijua Frankenstein ya radi.

Sasa tuiangalie radi yenyewe, kwa maana hapa ndipo kazi ya uchunguzi inapopendeza.

Kwenye mkanda wa milimita 35, sauti huandikwa kama njia nyembamba pembeni mwa picha. Taa inamulika kupitia njia hiyo, na mwanga unaobadilika ndio unaogeuzwa kuwa sauti. Palipo peusi kabisa mwanga haupiti, na hapasikiki kitu. Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: sauti ya picha fulani haikai ubavuni mwa picha hiyo. Imetangulia kwa fremu (picha moja moja za mkanda) kama 20, kwa sababu ndani ya projekta mkanda hupita kwenye lenzi kwanza, kisha kwenye kifaa cha kusoma sauti. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti hiyo inakaribia sekunde nzima.

Matokeo yake ni haya. Mkanda ukikatika kwenye chumba cha projekta, au bodi ya jimbo ikikata kwa mkasi kopi iliyokwisha kuchapwa, picha na sauti zinapotea pamoja lakini si za wakati mmoja. Ukiitazama utaona picha inaruka kwanza, na kabla sekunde haijaisha sauti nayo inaruka, mara nyingi ikikata neno ambalo halikuwa na kosa lolote. Mafundi walizoea kupaka wino mweusi kwenye kiungo ili spika isitoe mlio wa kupasuka, na wino huo huacha pengo dogo la ukimya. Anayesikia pengo la namna hiyo akadhani limemficha mtukanaji, kwa kawaida amesikia gundi na wino tu.

Kwenye sentensi ya Henry hakuna dalili hiyo. Midomo inaendelea kutamka, na mahali penye maneno pana sauti nyingine iliyojaa, isiyo na mkato. Hiyo haiwezi kuwa kazi ya mwendesha mashine wa mji mdogo. Picha na sauti zimeshughulikiwa kila moja peke yake, na jambo hilo linawezekana studio tu, ambako negativu (mkanda wa asili wa kuchapia kopi) ya sauti na ile ya picha zilihifadhiwa mbalimbali na kuunganishwa wakati wa kuchapa kopi. Aliyeifanya kazi hiyo alikuwa na sauti ya radi tayari, kwa sababu tukio zima lina dhoruba. Alichukua kitu ambacho tayari kilikuwa cha tukio na kukitumia kama kifuniko. Angeweka ukimya, ukumbi mzima ungeshtuka. Kwa radi, wachache sana walishuku. Nikiri kwamba ni ufundi mzuri, ingawa ulitumika vibaya.

Hiyo ndiyo alama ya kwanza ninayoitafuta kila mtu anaponiletea kipande cha filamu akisema kimedhibitiwa: picha iko salama, mdomo unasema, na sauti iliyopo haiendani nao. Alama ya pili ni maana. Je, kilichopotea kinagusa kitu ambacho kanuni ya wakati huo ilikitaja? Jina la Mungu linagusa. Neno la kawaida kwenye mazungumzo ya chakula cha jioni haligusi, na likipotea ni bora kufikiria mkanda kabla ya kumfikiria Breen. Alama ya tatu, na ndiyo inayomaliza ubishi, ni kopi nyingine yenye sauti hiyo.

Kuna ukimya mwingine kwenye filamu hii ambao hauna uhusiano wowote na udhibiti, nao huwapotosha watu mara nyingi kuliko ule wa kweli. Frankenstein haina muziki wa kusindikiza matukio. Kuna muziki mwanzoni majina yanapopita, kuna muziki mwishoni, na kijijini watu wanacheza kwenye sherehe ya harusi. Katikati ni upepo, nyayo, ngurumo, na milio ya kiumbe wa Boris Karloff, ambaye hapewi neno hata moja la kusema. Dracula iliyotoka miezi kama tisa kabla yake ni hivyo hivyo: baada ya muziki wa mwanzo, na ukiacha tukio la kwenye ukumbi wa tamasha, ni kimya kizito. Mtu aliyezoea filamu zinazopigiwa ala kila sekunde anadhani njia ya muziki imefutwa. Haikufutwa. Mwaka 1931 filamu zenye sauti zilikuwa bado changa, na waongozaji wengi waliona muziki usio na mpigaji anayeonekana ungewachanganya watazamaji. Ukimya huo ni wa mwenye filamu, na mimi naona ndio unaoipa Dracula baridi yake.

Na Dracula hiyo hiyo ina ukimya wa aina ya pili, wa kulazimishwa. Iliporudishwa mwaka 1936, kelele za Renfield, mtumwa wa Dracula, anapouawa zilifupishwa, na miguno ya Dracula anapochomwa kigingi, ambayo inatokea nje ya picha, nayo ikapunguzwa kwa kuzimwa sehemu. Fikiria: kifo chenyewe hakionekani, kilichobaki kwa mtazamaji ni sauti tu, na sauti hiyo ndiyo iliyoonekana kuwa nyingi mno. Hapa mdomo haupo kwenye picha, kwa hiyo ile alama ya kwanza haisaidii. Bila kopi ya kulinganisha, hakuna sikio ambalo lingejua.

Turudi kwa Henry, maana kuna jambo linaloniuma kwenye kisa hiki kuliko ufundi wake.

Sisi tuliokulia kwenye nyumba za sala, iwe msikiti au kanisa, hatuhitaji kuelezwa kwa nini sentensi ile iliwatisha. Ni kufuru. Binadamu anasema wazi kwamba amejisikia kuwa Mungu. Lakini tazama filamu inamfanyia nini baada ya kusema hivyo. Kiumbe alichokiumba kinaua mwalimu wake, kinamvamia mchumba wake siku ya harusi, kinamtoa roho mtoto wa watu, na mwisho kinamrusha Henry mwenyewe kutoka juu ya kinu cha upepo. Hadithi nzima ni hukumu ya neno lile. Mwanzoni kabisa, kabla ya picha ya kwanza, mwigizaji Edward Van Sloan anatokea mbele ya pazia na kuwaonya watazamaji kwamba watamwona mtu wa sayansi aliyetaka kuumba mtu kwa mfano wake bila kumtambua Mungu. Onyo hilo lilibaki. Adhabu ilibaki. Kilichotolewa ni kukiri kwa mkosaji kwa kinywa chake.

Kwa hiyo katika kopi ya radi, Henry anabaki kuwa daktari mwenye bidii aliyepatwa na bahati mbaya. Anashangilia kazi yake kufaulu, basi. Kiburi chake kimefichwa, na bila kiburi hicho mateso yanayofuata ni ajali tu. Ofisi iliyokuwa na kazi ya kulinda dini iliiondoa dini kwenye kiini cha hadithi. Sidhani Breen alikuwa mtu mbaya. Alikuwa Mkatoliki mwenye msimamo, na alisoma orodha ya maneno yaliyokatazwa akalikuta neno hilo humo. Shida ya kukagua kwa orodha ni hiyo. Orodha haiwezi kujua nani anasema, wakati gani, na atalipia nini.

Kukatwa kwa tukio la Maria kulileta madhara mabaya zaidi. Katika filamu ya awali, mtoto huyu, aliyeigizwa na Marilyn Harris, anakutana na kiumbe kando ya ziwa. Hamwogopi. Anampa maua, wanakaa pamoja, wanarusha maua majini na kuyatazama yakielea. Kiumbe anacheka, kwa mara ya kwanza anafurahi. Maua yanapomwishia mikononi, anamtazama mtoto, na kwa akili yake changa anadhani naye ataelea. Anamrusha. Maji yanamzamisha, na kiumbe anahangaika, anaingiwa na hofu, anakimbia.

Kilichobaki baada ya mkasi: kiumbe ananyoosha mikono kumwelekea mtoto, picha inakatika. Baadaye kidogo baba yake anaingia kijijini katikati ya sherehe akiwa amembeba Maria, maiti, nguo zimevurugika, soksi imeshuka mguuni. Nani ataangalia hayo mawili mfululizo na asiwaze lile lililo baya kuliko yote? Kuzama kwa bahati mbaya, kosa la kiumbe asiyejua, kukageuzwa kuwa unyama usiotajika. Watazamaji wa miaka mingi waliondoka na picha hiyo kichwani, picha ambayo Whale hakuipiga. Karloff alimjenga kiumbe wake kama mtoto mkubwa aliyetupwa duniani bila mlezi, na huo mkato ukamfanya mnyama.

Urejeshaji ulikuja kwa vipande. Tukio la ziwani lilipatikana miaka ya 1980 kwenye hifadhi ya taifa ya filamu ya Uingereza, na mwaka 1986 Universal walitoa toleo lenye matukio yaliyokuwa yamekatwa. Sentensi ya Henry ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ilikuwa imefunikwa: picha yake haikuwahi kupotea, ila sauti safi haikuwepo kwenye mkanda.

Ilipatikana kwenye santuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 majumba mengi madogo yalikuwa bado yana mitambo ya awali, ile ambayo sauti haikuwa kwenye mkanda ila kwenye santuri kubwa ya inchi 16, ikizunguka mara 33⅓ kwa dakika, santuri moja kwa kila reli, yaani gombo la mkanda, la kama dakika kumi. Studio ziliendelea kuwatolea santuri hizo hata baada ya sauti ya kwenye mkanda kushika soko. Mfumo huo ulikuwa na taabu zake. Mkanda ukikatika na fremu kadhaa zikatupwa, picha na sauti zilipishana hadi mwisho wa reli, na mwendesha mashine mwangalifu alilazimika kuunga kipande cheusi chenye urefu ule ule uliopotea. Lakini santuri ilikuwa na sifa moja ambayo hakuna aliyeithamini wakati huo: haikatwi. Huwezi kuikwangua sentensi moja katikati ya santuri ukaacha nyingine zikiwa nzima. Ofisi ya Breen iliurekebisha mkanda wa mwaka 1938, na santuri za 1931, mahali zilipobaki, zilibaki na kila neno.

Sauti ya Clive ilichukuliwa kutoka kwenye santuri ya namna hiyo, ikasafishwa mikwaruzo kwa mitambo ya kisasa, ikapangwa na midomo yake na kurudishwa mahali pake. Matoleo yanayouzwa leo yanayo. Ukisikiliza kwa spika za masikioni, sikiliza namna anavyoanza kwa kulirudia jina alilolitaja Victor, karibu kwa dhihaka, kisha sauti inapanda na kupoteza breki kwenye maneno ya mwisho. Clive alikuwa na sauti ya mtu anayevunjika, na pale anavunjika kweli. Kila mara ninapomwonyesha mtu matoleo mawili moja baada ya jingine, hahitaji maelezo: kwa lile la kwanza anaona msisimko, kwa la pili anaona dhambi ikitendeka mbele yake.

Dracula nayo ilipata sehemu ya haki yake, kelele na miguno ikarudishwa kwenye matoleo ya baadaye ya diski. Hata hivyo si kila toleo: lile la mkusanyiko wa 2004 lilitoka tena bila miguno, ingawa sauti kamili ilikuwa imeshauzwa kabla yake. Kwa hiyo tarehe mpya kwenye jalada haihakikishi chochote. Na neno la mwisho la Dracula, ambapo Van Sloan alitokea mbele ya pazia baada ya filamu kuwaambia watazamaji kwamba viumbe hao wapo kweli, liliondolewa kwenye toleo la 1936 kwa hofu ya kuwaudhi watu wa dini, na halijarudishwa kwenye filamu hadi leo.

Mwenye kopi inayomtia shaka, basi, aanze kwa kuuliza imetoka wapi. Ikiwa ameipakua mtandaoni, ajue kwamba sauti huko huzimwa pia kwa madai ya hakimiliki, na programu za kupunguza kelele humeza minong'ono pamoja na mikwaruzo. Atazame kama picha inaruka kabla ya sauti kuruka. Atazame midomo. Kisha atafute toleo la pili, la nchi nyingine au la miaka mingine, na aziweke sambamba kwenye dakika ile ile. Frankenstein ilikaa nusu karne na ukimya wake kwa sababu wengi waliokuwa na shaka walikuwa na kopi moja tu, na kopi zote zilikuwa watoto wa mama mmoja aliyekatwa.